Paka wangu mzee anakunywa maji kupita kiasi halafu anakonda: ni figo, sukari au haya maji yetu ya Arusha?

Mama Wawili (mleta mada)
Habari wadau. Nina paka dume anaitwa Mangi, ana miaka 11, nilimtoa Machame akiwa bado ananyonya vidole vya watu. Tunakaa naye Sakina. Tangu vuli ianze anakunywa maji mno, bakuli la mbwa analimaliza yeye, mchanga wake wa kujisaidia unalowa wote mpaka unashikana mabonge, na ukimpapasa mgongo unahesabu pingili moja moja. Kula anakula ila kwa kudeka, ananusa anaondoka, baadaye anarudi. Nikampeleka akatolewa damu, karatasi inasema kreatinini (ule uchafu wa damu unaotolewa na figo) 310, sukari 11. Daktari wa kwanza kasema figo, hakuna dawa, nimpe maji tu. Wa pili kaangalia karatasi ile ile kasema kisukari, tuanze insulini. Jirani yangu yeye anasema ni floraidi ya maji ya huku. Sasa nishike lipi? Nani hapa kafuga paka mwenye ugonjwa wa kudumu na akaenda naye muda? Wale wa "mpige sindano apumzike" naomba mpite kimya kimya.

Kijana wa Rau
Siti ya mbele, ngoja waje wajuzi. Ila mama paka anapimwa kreatinini? Mimi yangu mwenyewe siijui.

Mpare Mtulivu
Kwetu Same paka akikonda tunajua panya wameisha, tunamwazima jirani. Hizo hela za vipimo ungekuwa na mbuzi wawili saa hizi.

Mama Wawili
Mpare mbuzi halali miguuni kwangu usiku. Nasubiri wenye akili.

Afisa Mifugo Mstaafu
Mleta mada, 310 kwa paka si ndogo. Ugonjwa wa figo wa paka unagawanywa hatua nne, wanaangalia kreatinini paka akiwa hajaishiwa maji mwilini, na hatua ya tatu ni kuanzia 251 mpaka 440. Kwa hiyo Mangi yuko ya tatu kama karatasi ni sahihi na kama siku ile hakuwa amekauka. Ubaya wa kreatinini inachelewa kusema, mpaka ipande unakuta kama robo tatu ya kazi ya figo imeshaondoka.

Hiyo sukari ya 11 mimi isingenitisha. Paka umemtia kwenye kikapu, umempandisha bodaboda, kakutana na mbwa kwenye benchi, watu wawili wamemkandamiza kumtoa damu, sukari inapanda kwa woga tu. Na figo ya paka inaanza kumwaga sukari kwenye mkojo ikifika kama 14 hadi 16, chini ya hapo haimfanyi mtu kumaliza bakuli la mbwa. Usikubali insulini kwa kipimo kimoja, sukari inaweza kushuka mno usiku ukamkuta asubuhi amekufa. Peleka MKOJO. Waangalie sukari na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Ukiwa mwepesi wa 1.012 hivi figo zimeshindwa kuukaza.

Dada wa Njiro
Afisa heshima yako ila usiitupe sukari mbali hivyo. Wangu alikuwa nayo kweli kweli, alifika mahali anatembea kisigino cha nyuma kimelala chini kabisa, yaani badala ya kukanyaga vidole anakanyaga mpaka kifundo. Alipigwa insulini mara mbili kwa siku, nikaacha kumpa biskuti na ugali nikawa nampa nyama tu, ikashuka mpaka daktari akamwachisha sindano. Paka wanaweza kutoka kwenye insulini, si kama binadamu wa aina ya kwanza. Mama Wawili hebu muangalie Mangi anavyokanyaga.

Mama Wawili
Anakanyaga vizuri, vidole. Ila siku hizi haruki tena kabatini.

Kijana wa Rau
Miaka 11 hata wewe usingeruka.

Mtu wa Maji ya Chai
Mbona mnamruka jirani? Watu wa Meru tunajua tunachosema. Shirika la afya la dunia linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, huku kwetu kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa, na kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa inaruhusu mpaka 4. Ngurdoto pale kuna kituo kizima cha kuondoa floraidi kwenye maji, mnadhani kiliwekwa kwa ajili ya mapambo? Watoto meno ya kahawia, wengine miguu imepinda. Sasa kiumbe cha kilo nne kikinywa maji hayo miaka 11 mnategemea nini?

Kijana wa Rau
Ndio maana watu wa Arusha mkipigwa picha mnafunga mdomo 😂😂 Njooni Moshi mnywe maji ya mlima bure.

Mtu wa Maji ya Chai
Meno yetu ni kitambulisho cha taifa, ukipotea Dar unajulikana kwenu wapi. Nyie mnajulikana kwa kitu gani, foleni ya Krismasi?

Neema K
Si achemshe tu hayo maji kabla ya kumpa jamani.

Mwalimu wa Kemia
Neema hapana, hapo utaongeza tatizo. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiendi popote, maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa nyingi kwa kila kikombe. Kinachoivuta ni mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa moto wa kupimwa mpaka inakuwa chenga nyeusi, maji yanapita humo. Ndicho wanachofanya Ngurdoto. Au akinge maji ya mvua, hayo hayana habari.

Ila kwa Mtu wa Maji ya Chai nina swali. Figo ndiyo inayotoa floraidi mwilini. Ikiwa mbovu floraidi inakaa. Sasa floraidi ndiyo imeua figo, au figo imekufa kwa mambo yake ndiyo floraidi ikajaa? Na Sakina siyo Ngarenanyuki, maji ya bomba ya mjini yamechanganywa vyanzo vingi hasa baada ya ule mradi mkubwa wa maji. Kama ni maji tu paka wote wa mtaa wangekuwa wanakunywa ndoo.

Mtu wa Maji ya Chai
Paka wa mtaa nani anawapima? Wanakufa wanaitwa "kapotea".

Mwalimu wa Kemia
Hapo umenibana kidogo, sikatai.

Mzee wa Kibosho
Na magadi je? Magadi yana floraidi, Wachaga tunayatia kwenye maharage na kiburu. Mama paka wako anakula makombo ya kiburu?

Mama Wawili
Mzee paka gani anakula kiburu. Anakula dagaa wa Mwanza, vichwa vya sato, na maini nikienda buchani.

Afisa Mifugo Mstaafu
Sasa hapo kwenye dagaa ndipo pa kushika. Figo mbovu haiwezi kutoa fosforasi, na dagaa unamla na mifupa yake yote, fosforasi imejaa humo, na wale waliokaushwa kwa chumvi ndiyo kabisa. Kichwa cha sato ni mifupa mitupu. Maini nayo yana fosforasi nyingi. Hivyo vitatu ndivyo anavyopenda, najua. Mpe mnofu wa kuku usio na mfupa, ute mweupe wa yai uliopikwa, samaki mnofu kidogo. Chakula maalumu cha figo kipo cha pakiti, huwa kinapatikana kwa kuagiza, bei yake inauma.

Angalizo moja kubwa: usimlazimishe njaa ili akubali chakula kipya. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta yanavamia ini, anakufa kwa ini wakati ulikuwa unatibu figo. Bora ale dagaa kuliko asile kabisa. Badilisha taratibu, leo kijiko, wiki ijayo viwili.

Mpare Mtulivu
Ute wa yai, mnofu wa kuku. Huyo paka anakula kuliko ukoo wangu.

Ngaramtoni Girl
Mimi nilifikiri ugali na maziwa vinamtosha paka yeyote.

Dada wa Njiro
Ugali unamjaza tumbo tu. Paka ni mla nyama hasa, kuna kitu kinaitwa taurini hawezi kukitengeneza cha kumtosha, kinatoka kwenye nyama, akikikosa muda mrefu macho yanakufa na moyo unalegea.

Mbeba Boksi
Salaam kutoka Uingereza wakuu, huku ni baridi na nipo zamu ya usiku. Mada imenigusa maana mzee ninayemhudumia ana feriti wawili. Feriti ni kanyama karefu kama soksi, jamii moja na kicheche, huku wanafugwa ndani wana vitanda vyao vya kuning'inia. Wote wawili ni wagonjwa wa kudumu, na kazi ya kuwahudumia ni yangu mzee kashindwa.

Mmoja ana uvimbe kwenye kongosho unaomwaga insulini ovyo, kinyume cha kisukari, sukari yake inashuka. Huo ni ugonjwa wa kawaida sana kwa feriti wakishavuka miaka mitatu minne. Unamuona kakodoa macho hewani, mate yanamtoka, anajikwaruza mdomo kwa kucha, miguu ya nyuma inalegea. Hapo unampaka asali kidogo kwenye fizi, akizinduka tu unampa NYAMA haraka, maana ukimwachia asali peke yake kongosho linafurahi linamwaga insulini nyingine anaanguka tena. Analishwa kila baada ya saa tatu nne mchana na usiku, na anameza prednisoloni. Wa pili alinyonyoka manyoya kuanzia mkiani, tezi za juu ya figo zinatoa homoni kupita kiasi, wakampandikiza kidonge chini ya ngozi cha kutuliza homoni, manyoya yakarudi.

Nachotaka kusema kwa Mama Wawili, mzee ana daftari. Kala nini saa ngapi, kapima uzito kiasi gani, kajisaidiaje. Daktari akiuliza hatuanzi kukumbuka, tunasoma. Nunua mzani wa jikoni wa kupimia unga, mpime Mangi kila wiki. Kwa mgonjwa wa kudumu kilo inasema mapema kuliko macho.

Kijana wa Rau
Yaani kaka umepanda ndege ukaenda kulisha kicheche asali saa nane usiku 😂

Mbeba Boksi
Na nalipwa kwa pauni. Endelea kucheka na maji yako ya mlima.

Mpare Mtulivu
Mkuu feriti wa tatu hawezi kuumwa? Nina mdogo wangu anatafuta kazi.

Fundi wa Dripu
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa dripu. Mimi niko Soweto Moshi, wangu ni jike, figo hatua ya tatu kama wako, na bado ananitawala. Kinachomuweka ni maji ya chini ya ngozi, dripu ya Ringa lakteti, siyo ya mshipa. Daktari anakupangia kiasi na mara ngapi, wangu ni mililita 100. Anakuonyesha mara ya kwanza halafu unafanya nyumbani.

Mimi nimepigilia msumari juu ya mlango wa stoo, chupa inaning'inia hapo. Kwanza naiweka chupa kwenye beseni la maji vuguvugu, ikiwa ya baridi anaruka. Natoa hewa kwenye mrija mpaka maji yadondoke. Paka yuko mapajani, kichwa kinaangalia mbele. Ile ngozi legevu katikati ya mabega unaivuta juu inafanya kihema, sindano namba 21 ile ya kijani inaingia chini ya kihema sambamba na mgongo, usielekeze chini. Ukiona manyoya upande wa pili yanalowa ujue umetoboa ukatokea ng'ambo. Fungua, maji yanajaa anaota nundu, nundu inashuka mpaka begani au kwenye mguu wa mbele, usiogope, mpaka kesho imenyonywa. Ukichomoa bana tundu kwa vidole kidogo. Sindano mpya kila mara, butu inamuuma.

Onyo: asiye na tatizo la moyo. Moyo ukiwa mbovu yale maji yanaenda kifuani. Daktari asikilize kwanza.

Neema K
Mimi hapo kwenye kihema nimezimia. Asante lakini.

Mzee wa Kibosho
Wangu figo zilipomshika kichwa kilikuwa kinaanguka, kidevu kimegusa kifua hawezi kuinua shingo. Wakasema potasiamu imeshuka. Potasiamu si ndizi? Mpeni mtori!

Afisa Mifugo Mstaafu
Mzee dalili umeieleza sawasawa, shingo kuanguka ni potasiamu. Ila paka hali ndizi, na mtori una kitunguu, kitunguu kinapasua chembe nyekundu za damu za paka, saumu ndiyo mbaya zaidi. Kuna dawa yake ya kuongeza potasiamu. Na upimwe kwanza, maana figo zikifika mwisho kabisa potasiamu inaweza kupanda badala ya kushuka, ukiongeza moyo unasimama.

Mzee wa Kibosho
Basi mtori nitaula mwenyewe.

Shamba la Maua
Nafanya kazi kwenye maua huku Usa River. Mama kuna kitu hakijaulizwa, nyumbani unaweka maua ya lili kwenye chombo? Lili ni sumu ya figo kwa paka, jani, ua, ule unga wa njano ukimdondokea akajilamba, hata maji ya kwenye chombo. Siku mbili tatu figo zimekwisha, na akiponea anabaki na kovu la kudumu. Tunapewa maua ya kwenda nayo nyumbani yale yaliyokataliwa, mwenye paka tunamwambia achukue waridi.

Mama Wawili
Mh. Pasaka dada yangu alileta lili nyeupe, zilikaa mezani wiki nzima. Mangi alitapika siku zile nikajua ni manyoya.

Shamba la Maua
Sasa unaona.

Afisa Mifugo Mstaafu
Pasaka mpaka vuli ni miezi mingi. Angekula lili angelala siku zile zile, hali, hakojoi. Inawezekana alilamba kidogo ikaacha kovu, inawezekana kweli ni manyoya. Hilo hatutalijua.

Mtu wa Maji ya Chai
Mnatafuta maua wakati maji yako kwenye bakuli kila siku.

Ngaramtoni Girl
Na sumu ya panya? Akila panya aliyekula sumu?

Mwalimu wa Kemia
Inategemea sumu gani. Nyingi zinazuia damu kuganda, huyo angetoka damu. Ila kuna za vitamini D, hizo zinapandisha kalsiamu na kalsiamu inaua figo. Apime kalsiamu akirudi maabara.

Dada wa Njiro
Wakati huo huo mama, nakuomba: Panadol usimpe hata robo, ini la paka haliwezi kuivunja, inamuua. Na dawa ya kupe ya mbwa, zile za pamethrini, usimpake paka wala mbwa akishapakwa wasilale pamoja mpaka ikauke kabisa. Nimeona umesema una mbwa.

Mama Wawili
Asanteni wote. Mrejesho. Mkojo niliupata kwa ujanja wa binti wa maabara, nilitoa mchanga nikaweka mchele mkavu kwenye beseni, akakojoa, nikaumimina kwenye kichupa safi. Sukari kwenye mkojo HAKUNA. Uzito 1.012 kama Afisa alivyotaja. Kalsiamu kawaida. Nikasema basi ni figo, tumemaliza.

Hatujamaliza. Daktari wa mkojo (huyu ni wa tatu) kampapasa shingoni akasema kuna kijiuvimbe upande mmoja wa koo, ukubwa wa punje ya harage, anashuku tezi ya thairoidi. Anasema paka wazee wanaipata, wanakonda na kunywa maji, mapigo ya moyo yako juu. Kipimo cha homoni hana, sampuli itasafirishwa. Na presha pia anataka apimwe.

Fundi wa Dripu
Presha usichelewe. Wangu aliamka haoni, mboni zimefunguka zote anagonga miguu ya meza, pazia la jicho lilibanduka kwa presha. Wakampa amlodipini, jicho moja likarudi kidogo.

Dada wa Njiro
Thairoidi sikubaliani. Paka wa thairoidi anakula kama hana akili nzuri, anaiba mpaka mkate. Mangi anadeka.

Afisa Mifugo Mstaafu
Wengi ndiyo hivyo, ila wapo wanaosusa chakula, na huyu kama ana vyote viwili figo inamtia kichefuchefu. Kuna mtego hapo: thairoidi ikiwa juu inasukuma damu nyingi kwenye figo, kreatinini inaonekana nzuri kuliko hali halisi. Ukiitibu thairoidi figo zinajianika. Kama ni hivyo basi 310 ni ya kupendelewa. Waanze dozi ndogo na wapime tena.

Mtu wa Maji ya Chai
Tezi, floraidi, vyote shingoni na kwenye maji. Mimi sisemi kitu.

Mwalimu wa Kemia
Umeshasema. Paka wa Ulaya wanapata thairoidi hiyo hiyo na hawajawahi kuiona Meru.

Mbeba Boksi
Nathibitisha, paka wa jirani hapa anayo, anapakwa dawa sikioni kwa ndani inaingia kupitia ngozi, vidonge alikuwa anatema.

Mpare Mtulivu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna figo, thairoidi, maji, lili ya Pasaka na uzee. Mahakamani hii kesi ingeahirishwa.

Mama Wawili
Iahirishwe tu, Mangi hajakata rufaa. Uzito nimeanza kuandika, ana kilo 3.4. Maji ya mvua nimekinga. Moyo wamesikiliza wakasema unaenda mbio ila dripu ndogo ya mililita 60 ajaribiwe kwanza. Ringa nimenunua, msumari umeshapigiliwa, sindano za kijani zipo. Kuna mtu yuko karibu na Sakina anishikie paka? Mume wangu kasema yeye damu na sindano hapana.

Ngaramtoni Girl
Mi napita hapo nikitoka kazini saa kumi na moja. Nitakushikia ila kuchoma uchome mwenyewe.

Fundi wa Dripu
Nitumie meseji mkianza, nitawaelekeza kwa video. Mbwa mfungieni nje.